Reli Isiyo na Makuli: Mchezo wa Railroad Tycoon Usomwapo Kutoka Mpakani Busia

Utangulizi

Mwaka 1990 kampuni ya MicroProse ya Marekani ilitoa mchezo wa kompyuta uitwao Railroad Tycoon, uliobuniwa na Sid Meier akishirikiana na Bruce Shelley. Kwa umri wa vyombo vya aina yake, mchezo huo ni mkongwe. Picha zake ni chache na za vidotovidoto, milio yake ni ya chombo kisichokuwa na sauti ya kutosha, na mwaka 2006 ulitolewa bure kwa yeyote aliyeutaka. Hata hivyo uzao wake ni mkubwa. Transport Tycoon wa Chris Sawyer ulitokea mwaka 1994. Railroad Tycoon ya pili ikafuata mwaka 1998 na ya tatu mwaka 2003. Na wapenzi wa michezo hii ya kale wangali wakiicheza, wakiipendelea kuliko mingi iliyokuja baadaye kwa mbwembwe zaidi.

Huenda msomaji akauliza mchezo wa namna hii unahusu nini uhakiki wa fasihi. Jibu ni la sehemu mbili. Kwanza, mchezo huu husimulia, na kinachosimuliwa ni ujenzi wa reli. Katika Afrika ya Mashariki reli ni mojawapo ya masimulizi ya chanzo: imo katika bishara za waganga na watabiri waliomwona nyoka wa chuma kabla hajafika, imo katika kumbukumbu za wakoloni, na imo katika riwaya za kabla na baada ya uhuru. Pili, toleo lililoongezwa la mwaka 1993, Railroad Tycoon Deluxe, lilitia ndani yake ramani ya Afrika. Kwa hiyo Afrika imekwisha kuandikwa katika matini hii. Ni haki basi nayo isomwe kutoka Afrika.

Makala haya yanaisoma kutoka Matayos, eneo bunge la kaunti ya Busia ambamo umo mji wa Busia wenyewe, ukingoni mwa Kenya na Uganda. Mahali hapa hapakuchaguliwa kwa sababu pana stesheni. Pamechaguliwa kwa sababu hapana. Reli kuu huvuka kwenda Uganda kwa Malaba, upande wa kaskazini; tawi la Kisumu lilikomea Butere, upande wa mashariki. Busia na Matayos zimo katika pengo lililobaki. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba Railroad Tycoon huijua hesabu ya reli bila kuwajua watu wake, na kwamba sehemu kubwa ya fasihi yetu huwajua watu hao bila kuikabili hesabu. Hasara ya upungufu huo wa pande mbili huonekana wazi zaidi mahali ambapo reli haikufika.

Mchezo kama Matini

Wataalamu wa fasihi simulizi wamekwisha kutufundisha kwamba ngano haiko katika maneno yake tu. Iko katika utendaji: fanani hutenda, hadhira huitikia, na kila usimulizi huzaa ngano ile ile ikiwa mpya. Mchezo wa kompyuta nao haukamiliki mpaka uchezwe. Mwaka 1997 Espen Aarseth alitoa hoja inayokaribia hii katika kitabu chake Cybertext, akizungumzia matini ambazo msomaji hana budi kuzifanyia kazi ili apite ndani yake. Kwa mwanafunzi wa fasihi simulizi ya Kiswahili hoja hiyo si ngeni sana. Anayezoea kuitikia anajua kwamba bila mwitikio wake ngano hukwama.

Tofauti kubwa imo katika mamlaka. Katika ngano hadhira huweza kumkosoa fanani, kumcheka, hata kumnyang'anya hadithi. Katika mchezo wa kompyuta mtunzi hayupo ukumbini, ila ameacha kanuni. Mchezaji yu huru kuamua reli ipite wapi, lakini hayuko huru kuamua ni kitu gani kihesabiwe kuwa ushindi. Kwa hiyo anayetafuta msimamo wa mtunzi asiutafute katika maneno machache yaonekanayo kwenye skrini. Autafute katika kanuni: nini hulipwa, nini hugharimu, na nini hakihesabiwi kabisa.

Hapa mfano wa bao ni wa manufaa. Bao la Kiswahili huchezwa kwa kete 64 katika mashimo 32, na hatua ya pili ya mchezo, baada ya kwisha kunamua, huitwa mtaji. Neno ni lile lile la mfanyabiashara. Lakini mtaji wa bao una sheria ya wazi: kete inayoliwa haipotei, hupandwa upande wa aliyekula. Jumla haibadiliki. Kila anachokipata mchezaji, mwenzake aliyeketi mbele yake amekipoteza, na uso wake unaonekana. Mtaji wa Railroad Tycoon ni wa namna nyingine. Huongezeka kutokana na umbali na kasi: kadiri barua, abiria au makaa ya mawe yanavyosafirishwa mbali zaidi na kufika mapema zaidi, ndivyo malipo yanavyokuwa makubwa. Utajiri huonekana kana kwamba umetoka katika ardhi tupu iliyo kati ya stesheni mbili. Anayepoteza hana shimo lake ubaoni.

Msuko na Nguli

Msuko wa mchezo ni rahisi kuueleza. Mchezaji huanza na mtaji uliochangwa kwa hisa na kwa mkopo. Hutandika reli, hujenga stesheni, hununua vichwa vya treni na mabehewa, kisha hungoja mapato. Kila baada ya miaka miwili ya mchezo hufungwa mahesabu, na wenyehisa hupewa taarifa. Hali ya uchumi hupanda na kushuka, kutoka neema hadi taharuki, bila mchezaji kuweza kuizuia. Mafuriko huweza kulizoa daraja la mbao, na mchezaji aliyebana matumizi kwa kukwepa daraja la mawe hujuta. Wapinzani wake hupewa majina ya matajiri waliopata kuishi, akina Cornelius Vanderbilt na J. P. Morgan, nao hununua hisa zake polepole wakitaka kummeza.

Ikichunguzwa kama kazi ya fasihi, fani hii ina ustadi. Mgogoro unakua kutoka ndani ya msuko wenyewe. Mkopo uliomwezesha nguli kujenga ndio unaomkaba riba inapokuja. Njia iliyomtajirisha ndiyo inayomvutia mshindani. Wako waandishi wengi wa riwaya ambao wangefaidika kwa kuona jinsi tukio moja linavyoweza kuzaa jingine bila kuhitaji sadfa.

Lakini nguli ni nani? Ni bwanyenye, na ni yeye peke yake. Hana mke wala jirani, hana dini wala kijiji. Uhusika wake wote ni daftari la mapato. Mwisho wa mchezo huthibitisha jambo hilo. Nguli anapostaafu hutunukiwa kazi kulingana na mali aliyoichuma, katika ngazi ambayo juu yake kabisa umo urais wa nchi, na chini yake kabisa umo uzururaji wa mtu asiye na makao anayedandia treni za watu wengine. Jambo hili, lililowekwa kwa utani, linastahili kutazamwa kwa makini. Katika ulimwengu mzima wa mchezo huu maskini anatokea mara moja tu, na anatokea kama adhabu ya tajiri aliyeshindwa. Hakuna aliyezaliwa akiwa maskini, na hakuna aliyefanywa maskini na reli. Umaskini ni alama mbaya katika mtihani wa bwanyenye.

Wahusika Wasioonekana

Katika Railroad Tycoon reli hutandikwa kwa kubonyeza. Gharama ya mlima, mto na haki ya kupita katika ardhi hutolewa papo hapo katika hesabu, na njia inakuwa imekwisha. Mataruma hayana aliyeyabeba. Hilo si kosa la kiufundi. Kompyuta ya mwaka 1990 iliyoweza kuhesabu bei ya hisa za makampuni manne ingeweza kuhesabu pia mshahara, mgomo na maradhi. Mtunzi aliteua, na uteuzi ndio maana.

Reli ya Uganda, iliyoanzwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu Desemba 1901, ilijengwa na vibarua wapatao 32,000 walioletwa kwa mikataba kutoka India, mbali na Waafrika waliofanya kazi ya kufyeka, kuchimba na kubeba. Kati ya Wahindi hao walikufa karibu 2,500. Simulizi maarufu zaidi iliyotokana na ujenzi huo, kitabu cha J. H. Patterson cha mwaka 1907 kuhusu simba wa Tsavo, iliufanya umauti huo uonekane kuwa kazi ya wanyama wawili. Ukweli ni kwamba maradhi na ajali viliua wengi kupita simba. Hivyo kabla ya mchezo wa kompyuta kuwaondoa vibarua kabisa, kumbukumbu za kikoloni zilikuwa zimekwisha kuwafanya chakula cha simba ili mhandisi apate kuwa shujaa. Mchezo umeurithi utamaduni huo na kuukamilisha.

Vivyo hivyo kuhusu ardhi. Mchezaji hulipa bei ya njia na hakuna anayekataa kuuza. Wanandi walikataa. Upinzani wao, ulioanza mwaka 1895, uliendelea kwa muongo mzima hadi Koitalel arap Samoei alipouawa kwa hila Oktoba 1905. Katika lugha ya mchezo tukio hilo halina jina. Haliwezi kuwa mafuriko wala taharuki ya soko, na hizo ndizo aina za maafa zinazotambuliwa.

Fasihi ya Kiswahili imekwisha kulijibu jambo hili, japo si kwa kuikusudia reli. Kuli ya Shafi Adam Shafi, iliyochapishwa mwaka 1979, iliwachukua wachukuzi wa bandari ya Zanzibar na mgomo wao wa mwaka 1948, ikaanzia mahali ambapo Railroad Tycoon haufiki: mgongoni mwa anayebeba. Bandari na reli ni sehemu za mtambo mmoja. Shehena ambayo mchezaji huiona ikigeuka kuwa tarakimu, Rashidi wa Kuli huijua kwa uzito wake. Dunia Mti Mkavu ya Said Ahmed Mohamed, ya mwaka 1980, nayo iliwatazama wavuja jasho kama waunda historia. Kazi hizi mbili zikiwekwa kando ya mchezo, pengo la wahusika linaonekana bila kuhitaji hotuba ndefu.

Atatokea atakayesema kwamba mchezo ni burudani, na burudani haidaiwi ukweli wa historia. Utetezi huo ungekuwa na nguvu lau mchezo wenyewe usingejinadi kwa uhalisi. Mchezaji hupewa nafasi ya kuchagua viwango vya uhalisi: iwapo treni zitaweza kugongana, iwapo uchumi utakuwa wa kutatanisha, iwapo washindani watakuwa wakali. Kazi inayojitambulisha kwa uhalisi imekubali kuulizwa uhalisi wa nani. Na jibu ni kwamba uhalisi umepimwa kwa kile kinachoweza kumdhuru mwenye kampuni.

Ramani na Mpaka

Kuletwa kwa Afrika mwaka 1993 kulizua tatizo jingine, la fani. Umbo la mchezo lilifinyangwa kutokana na historia ya Marekani na Uingereza, ambako makampuni ya watu binafsi yalishindana kujenga. Umbo hilo likawekwa juu ya ardhi ya Afrika kana kwamba historia ni rangi tu ya ramani. Afrika ya Mashariki haikujengewa reli kwa ushindani wa matajiri. Kampuni ilijaribiwa kwanza: ile ya Kifalme ya Waingereza ya Afrika Mashariki, iliyokuwa chini ya William Mackinnon, ilipewa hati mwaka 1888, na kufikia mwaka 1895 ilikuwa imeshindwa na kuikabidhi nchi kwa serikali. Reli ikajengwa kwa zaidi ya pauni milioni 5 zilizoidhinishwa na bunge la Uingereza, kwa sababu za kidola zaidi ya za kibiashara. Zaidi ya karne moja baadaye jaribio likarudiwa: mwaka 2006 reli za Kenya na Uganda zilikodishwa kwa kampuni ya Rift Valley Railways, na mwaka 2017 mikataba ikavunjwa. Mara mbili bwanyenye wa mchezo huu ameletwa katika ardhi hii, na mara mbili ameondoka kabla ya kustaafu.

Kinachogusa zaidi, hasa kwa msomaji wa Matayos, ni mpaka. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901 ilikuwa imefika Uganda, kama jina lake lilivyoahidi, kwani jimbo la mashariki la Uganda lilienea hadi huko na kupita. Aprili 1902 jimbo hilo lilihamishiwa himaya ya Afrika ya Mashariki, ile itakayoitwa Kenya. Kwa hiyo hapo mwanzo reli haikuuvuka mpaka. Mpaka ndio ulioivuka reli, ukaenda kuketi magharibi, katikati ya Wateso, Wasamia na jamaa zao, ukaziacha koo zilezile katika nchi mbili. Ilichukua miaka mingi reli kuufuata. Njia ya Nakuru na Eldoret ilipita Malaba kwenda Tororo katika miaka ya 1920, na treni ikafika Kampala mwaka 1931.

Katika kanuni za Railroad Tycoon, umbali ni faida. Kwa anayeishi mpakani umbali una tabia nyingine. Mita chache huweza kuwa ndefu kuliko safari ya Mombasa. Mwaka 2020, wakati wa maradhi ya korona, malori yaliyongoja vipimo vya madereva yalipanga foleni ya makumi ya kilomita kutoka Malaba. Shehena hazikuwa zimepungukiwa na njia, wala injini hazikukosa nguvu. Zilikosa karatasi. Karani wa forodha hayumo miongoni mwa kazi za mchezaji, wala mhuri haumo miongoni mwa gharama zake. Ilhali mtu yeyote wa Busia, hata mtoto, anajua kwamba mhuri ni sehemu ya barabara. Ndiyo maana kituo cha pamoja cha mpakani Busia, kilichozinduliwa rasmi Februari 2018, kilipokewa kama tukio la uchukuzi ingawa hakikuongeza njia hata moja.

Hapa ndipo pengo lililoachwa na reli linapopata maana yake ya kifasihi. Kati ya lango la Kenya na lango la Uganda pale Busia palikuwa na mwendo unaokaribia kilomita moja. Msafiri aliyeshushwa na gari upande huu alipaswa kutembea na mizigo yake hadi upande wa pili. Katika miaka ya 1960 na 1970 vijana wenye baiskeli waliweka mto wa kukalia juu ya kibebeo cha nyuma na kuwaita abiria kwa kutaja wanakokwenda: boda, boda. Neno la Kiingereza la mpaka likameng'enywa, likarudufishwa kama Kiswahili kinavyopenda kurudufisha, likawa jina la chombo, la kazi na la mtu anayeifanya. Baadaye baiskeli ilipoipisha pikipiki, neno lilibaki, likaenea Kenya, Uganda na Tanzania, hata katika miji isiyopakana na nchi yoyote.

Tukio hilo ni usimulizi wa uchukuzi uliotungwa na wasio na hisa. Mchezo wa Sid Meier hauna namna ya kulitambua. Ndani yake nafasi isiyo na reli ni hasara inayongoja mwekezaji. Stesheni hukusanya mizigo kutoka miraba iliyoizunguka, na mraba ulio nje ya duara la stesheni ni kana kwamba haupo. Matayos ni mraba wa nje. Lakini mraba huo umelipa Bara neno na chombo. Mama anayevuka na magunia mawili ya dagaa, kijana wa baiskeli, mpiga debe, hata mjuzi wa njia za panya ambaye dola humwita mfanya magendo, wote ni wajenzi wa mtandao usio na mwenyewe. Msomaji aliyelelewa humo akicheza Railroad Tycoon hujikuta anatenda kwa niaba ya mtu ambaye kanuni zake zingemfuta yeye mwenyewe.

Hesabu Iliyokwepwa

Ingekuwa rahisi kumalizia hapo, mchezo ukiwa umehukumiwa na fasihi yetu ikiwa imetakaswa. Uhakiki wa haki hauwezi. Kuna jambo ambalo Railroad Tycoon hulifanya vyema na ambalo riwaya ya Kiswahili imelifanya kwa nadra: huonyesha jinsi fedha inavyotenda kazi.

Tajiri wa riwaya zetu nyingi anatambulikana kwa tumbo, gari na vimada. Tunaambiwa kwamba ananyonya. Ni mara chache tunaonyeshwa ananyonya kwa utaratibu gani. Uovu wake ni wa tabia, na kwa sababu hiyo anapoaibishwa katika sura ya mwisho msomaji hudhani kwamba mfumo nao umeaibishwa. Katika mchezo, kinyume chake, hakuna mwovu. Mchezaji mpole kabisa, anayependa picha za madaraja, ataacha kuhudumia mji mdogo mara tu daftari litakapomwonyesha kwamba mji huo haulipi. Hatafanya hivyo kwa ukatili. Atafanya kwa sababu riba inamngoja. Somo hili, kwamba mfumo hauhitaji watu wabaya ili utoe matokeo mabaya, ni somo la kina, na mchezo hulifundisha kupitia vidole vya mchezaji mwenyewe.

Manufaa yake yanaonekana katika mambo ya karibu. Reli mpya ya kisasa ilianza kazi kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017 kwa mkopo wa benki ya Exim ya China, ikasogezwa hadi Suswa, karibu na Naivasha, mwaka 2019, ikakomea huko kwa miaka. Mjadala wa hadharani ulienda zaidi upande wa tabia za viongozi. Aliyewahi kucheza Railroad Tycoon kwa saa mbili angeuliza swali jingine kwanza: njia iliyokopewa kwa matarajio ya shehena ya mbali, ikikatika kabla ya kuifikia shehena hiyo, italipa riba kwa mapato gani? Swali hilo ni la mwananchi wa Malaba na Matayos kabla ya kuwa la mhasibu, kwa sababu jibu lake ndilo linaloamua iwapo malori yataendelea kulala barabarani kwake.

Kwamba hesabu na ubinadamu vinaweza kukaa katika kazi moja kumekwisha kuonyeshwa na Ngũgĩ wa Thiong'o, ingawa kwa Kiingereza, katika Petals of Blood ya mwaka 1977. Huko Ilmorog barabara kuu huleta benki, benki huleta mikopo kwa wakulima, na mkopo usiolipika humpokonya Nyakinyua shamba. Linganisha na mchezo. Mchezaji anayezidiwa na deni huruhusiwa kutangaza kufilisika, hupunguziwa sehemu ya anachodaiwa, kisha huendelea kucheza akiwa na sifa mbaya kidogo sokoni. Nyakinyua hana kitufe hicho. Deni lake linadaiwa katika udongo wenyewe, na baada ya udongo kwenda, bikizee hadumu. Kufilisika ni kule kule. Kinachotofautiana ni nani aliyeruhusiwa kuanza upya. Riwaya ya Kiswahili ya mpakani itakayojua kueleza tofauti hiyo kwa hatua zake zote, toka karatasi ya mkopo hadi lango la mnada, bado ina nafasi yake wazi.

Nafasi hiyo si ndogo. Mpaka wa Busia na Malaba umeipa lugha msamiati mkubwa wa riziki, lakini wenye msamiati huo mara nyingi huingizwa katika kazi za kubuni kama wapita njia: mwendesha boda anayemfikisha nguli aendako, mchuuzi anayeuza ndizi dirishani. Wamekuwa mandhari. Kwa maana hiyo, fasihi nayo imewahi kuwatendea kama mchezo wa kompyuta ulivyowatendea, tofauti ikiwa kwamba fasihi imewachora kwa huruma.

Hitimisho

Makala haya yameutazama mchezo wa Railroad Tycoon kama matini yenye msuko, nguli na msimamo. Imeonekana kwamba msimamo huo umo katika kanuni, na kwamba kanuni zimempa sauti mwenye mtaji peke yake. Vibarua wametoweka, wenye ardhi wamegeuzwa bei, maskini amefanywa kejeli ya mwisho, na mpaka, ambao kwa watu wa Busia ndio mhusika mkuu, haukuhesabiwa. Imeonekana pia kwamba ukali wa hesabu zake ni kioo ambacho fasihi yetu ina haja ya kujitazamia.

Watunzi wanaoishi kati ya Malaba na Matayos wana mahitaji yote mawili mikononi. Wanawajua watu, kwa sababu ni jamaa zao. Na wanaijua hesabu, kwa sababu ndani ya siku moja shilingi ya Kenya na shilingi ya Uganda hubadilishana mikono mbele ya macho yao, na kila anayebadilisha anajua nani amekula na nani ameliwa. Katika bao, kete iliyoliwa huonekana ilikopandwa. Kazi iliyobaki ni kuandika reli kwa namna hiyo: kwamba kila faida inayosafirishwa mbali ionyeshwe shimo ilimotoka.